Taa ya jua inapobaki nyumbani

Mvua ikianza wengi wetu tunahamia mashambani kwa wiki nyingi, na taa ya jua au simu ya pili inabaki Mutshatsha, sandukuni. Tukirudi, haiwaki. Tunamlaumu muuzaji, kumbe mara nyingi batri imekufa kwa kuachwa tupu.

Batri ya lithiamu hupoteza nguvu kidogokidogo hata ikiwa imezimwa. Ikianza tupu, inashuka mpaka haikubali kujazwa tena. Kuiacha imejaa kabisa si vema pia, hasa chini ya mabati yenye joto, inazeeka upesi. Tuiache nusu, kati ya 40% na 60%. Taa isiyoonyesha namba tuijaze, kisha tuiwashe nusu ya saa zake za kawaida. Halafu tuizime na kuiweka pakavu, penye baridi, mbali na jiko. Kila miezi 2 au 3 anayebaki nyumbani aiangalie, airudishe nusu.

Wako wanaoshauri tuimalize nguvu yote kwanza. Shauri hilo lilikuwa la batri za zamani za nikeli, hizi linaziua.

Kobalti ya Kolwezi imo ndani ya baadhi ya batri hizi, nasi tunazinunua sokoni kwa pesa ya mihogo yetu. Basi zidumu.

Ila iliyovimba tusiijaze tena, tusiitoboe, tusiitupe motoni. Itolewe chumba cha kulala siku hiyohiyo, mahali watoto wasipofika.