Kicheko Kina Mwenyewe

Mtu wa Visiwani akienda Ifakara kufuata mchele wa bonde la Kilombero, jioni akapita karibu na kibanda cha video, huenda akasikia vicheko alivyovizoea kwao Makunduchi au Wete. Filamu ni ileile, ya marehemu Amri Athumani, maarufu kwa jina la King Majuto, na wenzake. Wengi waliomo kibandani wamekwisha kuitazama mara nyingi. Huanza kucheka kabla ya kituko chenyewe kufika.

Si ajabu. Katika vichekesho vya namna hiyo kila mhusika ana wazimu wake: baba bahili, mganga tapeli, mchumba mwenye tamaa, mzee anayejidai kijana. Wote hutenda upuuzi bila ya wenyewe kucheka, na mwenye akili timamu hubaki mtazamaji peke yake. Mkulima wa mpunga na mvuvi wa Unguja humwona humo jirani yao, na pengine hujiona wenyewe. Ndiyo maana mzaha huo hauchakai.

Lakini kicheko kina mwenyewe. Mzee Majuto alifariki dunia tarehe 8 Agosti, 2018. Mwaka huohuo Serikali iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, baada ya kuzuka malalamiko kwamba mikataba yake haikumnufaisha. Ni fundisho chungu kwetu sote tuliocheka.

Sheria zipo. Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, chini ya COSOTA. Zanzibar inayo yake ya mwaka 2003, chini ya COSOZA. Filamu moja huvuka bahari bila kuulizwa cheti. Haki ya msanii nayo isikwame bandarini. Tunawaomba viongozi wa taasisi hizo wafuatilie malipo kwa pamoja.

Maofisa utamaduni nao wasimwone mwenye kibanda kuwa adui, kwani ndiye aliyefikisha filamu mahali pasipo na sinema. Atozwe ada nafuu, na ada hiyo imfikie mchekeshaji angali hai.

Kwa miaka mingi wananchi wa Ifakara na Ulanga walivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Leo wana daraja, lililozinduliwa rasmi mwaka 2018. Haki ya wasanii wetu ingali inangoja daraja lake.