Banda la Mbao Lisigeuzwe Kuni

Mnyuzi, wilayani Korogwe, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, mtu ajengaye nyumba kwa nguvu zake mwenyewe hajengi kwa mkupuo. Mwaka huu hufyatua matofali. Mwaka ujao, mavuno yakiruhusu, huchimba msingi. Kuta husimama bila paa msimu mmoja au miwili, hata fedha ya mabati ipatikane. Ni ujenzi wa subira, nao ndio uliowapatia wananchi walio wengi makao pasipo mkopo wa benki. Lakini iko siku moja ambayo subira hiyo hutoweka ghafula, nayo ni siku ya kuondoa jengo la zamani lililokalia kiwanja. Vijana huitwa, mashoka na mitaimbo hushikwa, na kabla ya jua kutua banda la mbao lililosimama miaka arobaini huwa chungu ya vipande vilivyopasuka. Vipande hivyo huishia jikoni, au katika tanuri ya matofali ya nyumba mpya.

Katika kazi yote ya kujijengea, ni nadra kuwapo siku yenye hasara kuliko hiyo, na ajabu ni kwamba hasara yenyewe husherehekewa. Hapana ubaya wa kuliondoa banda. Familia imeongezeka, paa linavuja, nguzo zimelegea, na kila mtu ana haki ya kutamani sakafu ya saruji. Ubaya umo katika namna ya kuliondoa. Kufumua jengo ubao kwa ubao huchukua siku nne au tano badala ya moja, na katika siku hizo mwenye nyumba hupata vitu viwili asivyoweza kuvinunua dukani: mbao zilizokwisha kukauka, na habari za kiwanja chake.

Nyumba ya mbao si jengo la asili ya bonde hili. Wenyeji walijenga kwa miti na fito, wakakandika udongo na kuezeka nyasi au makuti. Mbao zilizopasuliwa kwa msumeno zilienea pamoja na reli na mashamba makubwa. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule Dakta Richard Hindorf alioingiza mkonge nchini. Ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Huko nyuma ya Muheza, wakati huo huo wa Wajerumani, ikajengwa njia ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi ili kuteremsha magogo ya misitu ya Usambara Mashariki. Kwa hiyo ubao mnene wa mvule au wa mkangazi unaoonekana leo katika ukuta wa banda kuukuu huenda ulitoka katika mti uliokuwa na umri wa karne moja au zaidi ulipoangushwa. Misitu ile sasa inalindwa. Hifadhi ya Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Mtiki wa kupandwa, kama ule wa Longuza, huhitaji miaka ipatayo thelathini kabla ya kuvunwa, nao bado ni mwembamba ukilinganishwa na miti ya zamani. Mwenye banda la mbao nene anamiliki kitu ambacho mjukuu wake hatakiona sokoni kwa bei anayoiweza.

Thamani ya ubao mkuukuu haitokani na uadimu tu. Mti ulioangushwa leo umejaa maji, na mara nyingine uzito wa maji hayo hulingana na uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu, au huuzidi. Maji hukaa mahali pawili. Mengine yamo katika uwazi wa seli, kama maji yaliyomo mtungini. Mengine yamenywewa na kuta za seli, kama unyevu ulionywewa na udongo wa mtungi. Yale ya kwanza yakitoka, ubao hupungua uzito lakini haubadiliki umbo. Unyevu ukishafika kiasi cha asilimia 28 hadi 30 ya uzito mkavu, mtungi huwa mtupu, na tangu hapo kuta zenyewe huanza kukauka na kusinyaa. Tena kusinyaa huko hakuko sawa kila upande. Kwa kufuata mviringo wa pete za mti, ubao husinyaa karibu mara mbili kuliko unavyosinyaa kuelekea kiini, na kwa urefu wake hausinyai ila kidogo mno. Tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ubao mbichi ujikunje kama jani na kung'oa misumari.

Kila fundi wa Korogwe amekwisha kuona kenchi iliyopigwa kwa mbao mbichi mwezi wa Januari ikapinda kabla ya mwezi wa Julai, na bati likainuka. Mwenye nyumba humlaumu fundi. Fundi humlaumu mpasuaji. Wakati huo huo, mbao zilizokuwa kavu tangu zamani, zilizomaliza kusinyaa na kupinda, ziligeuzwa majivu siku ile banda lilipovunjwa. Afadhali basi fremu ya banda itoe kenchi, mbao za ukutani zitoe milango na mabamba ya kumiminia zege ya linta, na vipande vyembamba viwe papi.

Hesabu ndogo yaweza kusaidia. Ichukuliwe nyumba ya mita 4 kwa 6, yenye kuta za kimo cha mita 2.4. Mzingo wake ni mita 20, eneo la kuta ni mita za mraba 48, na ukitoa mlango na madirisha zinabaki kama 42. Mbao zikiwa na unene wa milimita 25, kuta peke yake zina zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo ya mbao, bila kuhesabu nguzo wala paa. Hata theluthi moja ikitupwa kwa kuoza, kinachobaki si haba. Kwa mti wenye uzito wa kilo 600 kwa mita ya ujazo, nusu ya uzito huo ni kaboni, yaani kilo 300; ukiuchoma wote, hewani huingia gesi ya kaboni dioksidi yenye uzito wa kilo 1,100. Saruji nayo ina sehemu yake katika hesabu hiyo. Chokaa mawe inayochomwa katika kiwanda cha Pongwe, karibu na Tanga, hutoa kilo 44 za gesi hiyo hiyo kwa kila kilo 100 za kalisi kaboneti, na hapo bado haijahesabiwa fueli ya kufikisha tanuri kwenye joto la nyuzi 1,450. Haya hayasemwi ili mtu aache saruji. Yanasemwa ili asichome mbao bure akidhani kwamba zimekwisha kazi.

Kuhusu habari za kiwanja, jengo la zamani ni jaribio lililokwisha kufanywa. Watafiti wa mbao, wanapotaka kujua mti gani hustahimili mchwa, huchomeka vijiti vya miti mbalimbali ardhini na kuvikagua mwaka baada ya mwaka. Mwenye banda ameachiwa matokeo ya jaribio la namna hiyo bila gharama, tena katika udongo ule ule atakaojenga. Nguzo zikichimbuliwa taratibu, itaonekana kwamba hazikuoza zaidi chini kabisa wala juu, bali pale zinapotoka ardhini. Sababu ni kwamba kuvu huhitaji maji na hewa kwa pamoja: chini sana hewa ni haba, na juu mti ni mkavu, kwani ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi. Usawa wa ardhi tu ndio wenye vyote viwili. Ukuta upi umeliwa na mvua? Ule unaopigwa na upepo wa masika, na upande huo ndio unaostahili baraza pana au bati lililozidishwa urefu. Njia za udongo za mchwa zilipandia wapi? Hapo ndipo msingi mpya utakapohitaji uangalifu. Nguzo ipi imebaki ngumu kama jiwe, na wazee huuita mti gani? Mambo haya hayamo katika ramani yoyote ya nyumba, na mtaimbo huyafuta yote kwa alasiri moja.

Wako wapingao, na hoja zao hazifai kudharauliwa. Ya kwanza ni ya wadudu. Mchwa wa ardhini hukatika ubao unapotengwa na udongo, lakini wako mchwa wengine wa mbao kavu ambao hawahitaji ardhi kabisa. Huishi ndani ya ubao wenyewe, na huweza kuhamia nyumba mpya pamoja nao. Alama yao ni punje ndogo ngumu kama mchanga zinazodondoka sakafuni, ambazo kwa kioo cha kukuzia huonekana zina pande sita. Ubao wenye alama hiyo usipelekwe darini, hata ukiwa mzuri namna gani kwa macho. Kanuni ya kimataifa inayotumika kwa masanduku ya mbao ya kusafirishia bidhaa hudai kwamba kiini cha ubao kifikie joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo. Jua la kijijini haliwezi kuaminiwa kwa kazi hiyo katika ubao mnene.

Hoja ya pili ni ya sumu, nayo ni nzito zaidi. Rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, na mbao nyingine zilipakwa dawa za mchwa kama dieldrini, ambazo baadaye zilipigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Mataruma ya reli yaliyoloweshwa kriosoti nayo hutumiwa na baadhi ya watu kama nguzo. Lakini hoja hii, ikitazamwa vizuri, humgeukia mwenye kuitoa. Ikiwa ubao una sumu, mahali pabaya kuliko pote pa kuupeleka ni jikoni, chini ya sufuria ya ugali, penye mama na mtoto mgongoni. Ubao wa namna hiyo usichomwe, usipigwe msasa wala kurandwa.

Ya tatu ni ya gharama ya vibarua. Kwa tajiri aliyeajiri kandarasi, siku nne za ziada ni fedha nyingi. Kwa mtu anayejijengea, ambaye kuta zake zitakaa msimu mzima zikisubiri bati, hoja hiyo haina uzito. Muda ndio mali aliyo nayo.

Imebaki sababu ambayo watu hawaitamki, nayo ni aibu. Tangu kampeni za nyumba bora za miaka ya 1970, mbao na udongo vimehesabiwa kuwa alama ya unyonge, na tofali kuwa alama ya maendeleo. Mtu huogopa jirani asije akasema kwamba mlango wake mpya ni mbao za banda la babu. Mawazo hayo yangewashangaza mafundi wa pwani. Katika miji ya Waswahili, mlango wa nakshi wa nyumba iliyoanguka ulitolewa na kutiwa katika nyumba nyingine, na heshima ya nyumba ikapanda kwa sababu hiyo. Boriti za mikoko nazo zilichukuliwa kuwa mali hata zikaamua upana wa vyumba vya Mji Mkongwe wa Unguja, usiozidi sana mita tatu, kwa kuwa ndio urefu ambao boriti iliweza kubeba dari ya mawe. Kule Japani, hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20 katika kiwanja kilicho kando ya lile la zamani. Lilijengwa hivyo mwaka 2013, na mbao za jengo lililoondolewa hugawiwa mahekalu mengine, ambako huendelea na kazi. Hakuna Mjapani anayeona haya kupokea nguzo hiyo.

Shule za sekondari zaweza kuingia katika jambo hili bila kungoja vifaa vya ng'ambo. Mwalimu wa fizikia au wa kemia akisikia kwamba banda linaondolewa kijijini, na aombe vipande vya urefu wa kidole kutoka sehemu tatu: chini ya ardhi, usawa wa ardhi na ukutani. Vipimwe uzito, vikaushwe katika joto la nyuzi 103 mpaka uzito usibadilike, kisha vipimwe tena. Tofauti ikigawanywa kwa uzito mkavu na kuzidishwa kwa mia ndiyo asilimia ya unyevu. Mwalimu wa biolojia achukue vipande vilivyoliwa, wanafunzi watenganishe kuvu, mchwa wa ardhini na wa mbao kavu. Kipande kimoja kilichonunuliwa kwa mpasuaji wiki hiyo hiyo kiwekwe kando yake kwa ulinganisho. Wanafunzi wataona kwa mizani yao wenyewe kile ambacho fundi mkongwe hukijua kwa kugonga ubao na kusikiliza mlio.

Na kwa mwenye kiwanja, kazi ianze juu: bati, kisha papi, kenchi, mbao za kuta, na nguzo mwisho. Msumari uliokula kutu ukigoma kutoka, upigwe kwanza ndani kidogo ili kutu iachie, ndipo uvutwe. Ukivutwa kwa nguvu moja kwa moja ubao hupasuka. Mbao zipangwe juu ya mawe, chini ya kivuli, na fito nyembamba ziwekwe kati ya tabaka na tabaka ili hewa ipite. Zipangwe mbali na ukuta mpya, maana mchwa wa Mnyuzi hawangoji nyumba imalizike.