FEZA YA MASOMO IPIMWE MBELE YA MACHO YETU

Wandugu wachimba migodi, wandugu wote wa Shabunda!

Kasiterite yako inapimwa kwa mizani ukiangalia. Feza ya masomo ya mtoto wako inapimwa na nani?

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya serikali ni ya bure. Mwaka 2020 Banki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 za haraka, ili mwalimu alipwe na serikali, si na mzazi. Tunaambiwa: tulieni, wakaguzi wako. Wakaguzi gani? Mwaka 2021 tribinali ya Kinshasa ilihukumu mkubwa wa SECOPE, ofisi ya kulipa walimu, pamoja na mkaguzi mkuu wa elimu, miaka 20, kwa kula feza ya elimu. Mchungaji amekula kondoo!

Hatukatai ukaguzi wa Kinshasa. Tunakataa uwe peke yake. Hesabu ibandikwe ukutani kwa masomo: ngapi imetoka, ngapi imefika, mwalimu gani amelipwa. Barabara ya Bukavu ni mbovu, ndiyo; lakini ndege inayobeba mawe yetu haishindwi na kartasi moja.

Mzazi, usitie kidole kwa kartasi usiyosomewa. Uhuru ni kuhesabu chetu sisi wenyewe!