Jengo Lililoungua Likabaki Limesimama

Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Bidhaa za watu ziliteketea, lakini paa la miamvuli ya zege, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, halikuanguka. Wengi walishusha pumzi wakasema jengo lipo. Kauli hiyo hunitia wasiwasi kila ninaposikia nyumba imeungua hapa Unguja, kwani mara nyingi hufuatiwa na fundi wa lipu, kisha wa rangi, kisha wapangaji.

Joto likipita nyuzi 100 za Selsiasi, maji yaliyomo ndani ya zege hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia huweza kurusha vipande na kuacha nondo wazi. Nondo zenyewe, zikikaribia nyuzi 600, hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu zake. Haya wahandisi wetu wanayajua. Lisilozungumzwa sana ni mzigo.

Kipande cha zege kisichobeba kitu hutanuka kikipashwa moto. Nguzo iliyobeba ghorofa kadhaa haitanuki kiasi hicho. Mzigo ukiwa mkubwa wa kutosha, hunywea na kufupika, na ikipoa hairudi ilivyokuwa. Jambo hili hutokea zege linapopata joto hilo kwa mara ya kwanza huku tayari limebeba. Zege lililochomwa kwanza, kisha likabebeshwa, halinywei hivyo. Kunywea huko kuna faida yake, maana hupunguza mbano ambao ungelipasua zege. Lakini nguzo moja ikifupika, sehemu ya mzigo wake huhamia kwa nguzo jirani ambazo moto haukuzigusa, na ambazo kwa sababu hiyo hakuna anayezitazama.

Mji Mkongwe una lake. Wazee wetu walipanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, wakawasha moto, wakapata chokaa. Moto mkali wa nyumba huweza kuufanyia uso wa ukuta vivyo hivyo, na hata zege lenye kokoto za mawe hayo. Chokaa hiyo mbichi hunyonya unyevu, nasi unyevu tunao wa kutosha, ikavimba. Nyufa huweza kutokea wiki kadhaa baadaye, rangi ikiwa imeshakauka. Na katika nyumba ambazo boriti za mikoko zimeondolewa zikawekwa sakafu za zege, kuta hizo zinabeba uzito ambao hazikujengewa.

Beit al-Ajaib haikuungua ilipoporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, na watu wawili wakafariki. Ilikuwa imesimama tangu 1883, na kusimama huko hakukuwa cheti cha usalama.

Ninachotaka ni sheria iliyo wazi. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kiandike moto uliwaka kwa muda gani, chumba kipi, na juu yake kulikuwa na nini: ghala, tangi la maji, familia ngapi. Karatasi hiyo impelekee mhandisi, apime nguzo na sakafu, pamoja na zile za jirani, kabla ya lipu kupigwa. Lipu ikishapigwa, hata ule wekundu ambao baadhi ya zege hupata likifikia nyuzi 300 hivi, na ambao ungemwonyesha moto ulifika wapi, hauonekani tena.

Nitaulizwa watu wa majumba ya Michenzani watalala wapi wakati wa ukaguzi, na nani atalipa. Ni swali la haki, na mpangaji hawezi kulibeba peke yake. Ila nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimo mikononi mwa Serikali na Kamisheni ya Wakfu. Hao hawahitaji kungoja Baraza la Wawakilishi. Wanaweza kuanza na nyumba zao wenyewe mwaka huu.