Bi Kidude Alikuwa Mwalimu Pia

Muulize mtu yeyote pale Darajani Bi Kidude ni nani, atakwambia: mwimbaji wa taarabu. Sawa, hajakosea. Lakini jawabu hiyo imeacha nusu ya kazi yake nje, na nusu hiyo ndiyo inayotuhusu khasa sisi tunaosomea ualimu.

Fatuma binti Baraka, maana hilo ndilo jina lake, alifuata nyayo za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri za Kiswahili. Akaimba mpaka Ulaya na Japani, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX kule Uingereza. Haya tunayajua na tunajivunia. Tusichokitaja ni unyago. Humo alikuwa kungwi: anapiga msondo, anaimba, anaonyesha miondoko, anaigiza yale ambayo mwari atakutana nayo kwenye ndoa. Angefanya hivyo kwenye jukwaa la London, tungemwita mwigizaji na mtunzi wa dansi. Kwa kuwa alifanya uani, basi ni bibi tu anacheza ngoma!

Hebu tazama ufundishaji wenyewe. Mwari haandiki notsi. Anaona, anaiga, anarekebishwa, anarudia mpaka mwili uelewe, na fumbo la wimbo linabaki kichwani. Sisi tunakariri nadharia za kujifunza kwa vitendo ili tufaulu mtihani, halafu tukipelekwa skuli kwa mazoezi tunasimama ubaoni kipindi kizima: "Andikeni." Na hapa Unguja mwanamke anayemfunda mwari huitwa somo. Kwetu somo ni kipindi, na ni mtu pia. Lugha imeshatwambia, sisi hatusikii.

Najua wapo watakaonuna. Watasema unyago una siri zake, ni wa wanawake, na wengine wataleta hoja ya dini. Hoja hizo si za kupuuzwa, na mimi siombi mafunzo ya ndoa yapelekwe darasa la tano. Naomba mbinu. Kufundisha historia kwa igizo, au mzunguko wa maji kwa wimbo na mwendo, sioni ubaya wake uko wapi.

Kinachoniuma ni hiki: msichana akijua kucheza na kuigiza, tunamwambia aache uhuni asome. Huenda huyo ndiye angekuwa mwalimu bora kuliko sisi sote, na tumeshamzima.

Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Filamu inayojulikana sana juu yake, As Old as My Tongue ya 2006, aliiongoza Andy Jones, Muingereza. Ahsante zake. Lakini sisi wa hapa hapa, wenye bibi zetu Ng'ambo na mashamba, tumewauliza nini?

Basi napendekeza kwa jumuiya yetu: kabla ya mazoezi ya kufundisha, tualike makungwi wawili watatu. Wanachuo wa kike wakae nao, wawaulize wanafundishaje, na wakiridhia tuandike. Walipwe, kama tunavyomlipa mgeni yeyote anayetoka mbali. Na wakija, wasiwekwe mwisho wa ratiba kama burudani. Wakae pale anapokaa mhadhiri.