Funza Kwa Mkebe? Usiposti Bado, Huyo Mdudu Ndio Ushahidi Wako

Hizi video haziishi. Msee anafungua mkebe wa mahindi ama pakiti ya minji ya friza, anazumu, na funza huyo hapo, ametulia kama mwenye nyumba. Kufika jioni kampuni imetukanwa, supamaketi imetukanwa, na kuna mtu kwa komenti ameapa kuanzia leo ni nyama pekee.

Hasira iko sawa, doh yako imeenda. Lakini kuna swali karibu hakuna mtu huuliza: huyo mdudu aliingia lini? Shambani, kiwandani, kwa stoo ya duka, ama ni hapo tu kwa kabati yako?

Na hiyo kitu hupimwa. Mwili wa mdudu uko na kimeng'enya kinaitwa katalesi, na joto ya kupika mkebe hukiua. Maabara wanaweka mdudu kwa haidrojeni peroksaidi. Akitoa povu, hakuwahi kupikwa, so aliingia baada ya kiwanda. Asipotoa, kuna chansi kubwa alipikwa pamoja na hiyo mboga. Si asilimia mia, juu mdudu aliyekufa kitambo pia hunyamaza. Na ukishamchemsha kwa sufuria yako, ushahidi umeuua mwenyewe.

So ukimpata, usipike, usioshe, usitupe. Mweke kwa friji na mkebe wake, weka risiti, piga picha ya namba ya bechi, halafu upeleke KEBS ama kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Sheria ya chakula, Cap 254, inakataza kuuza chakula chenye uchafu. TikTok haitaenda mahali.

Sasa, anapitaje kiwandani na mashine zote hizo? Rahisi sana. Mboga huoshwa kwa maji yenye mapovu, hutikiswa kwa chekecheke, hupigwa upepo ili vitu vyepesi viruke. Kuna kamera za kusoma rangi, zikiona kitu tofauti hewa inakifyatua nje. Lakini kiwavi wa kijani juu ya jani la kijani? Kamera inampita tu. Eksirei nayo ni moto kwa mawe na chuma, ila mwili wa mdudu umekaribiana sana na mboga, haimtambui vizuri. Kuchemsha kidogo kabla ya friza kunamuua, hakumtoi. Ndio maana hadi leo kuna watu wamesimama kando ya mkanda wakichambua na macho.

Hata maabara wana ujanja wa kizamani hivi. Wanachanganya sampuli na maji na mafuta. Ngozi ya mdudu iko na nta, so vipande vyake hushika mafuta na kuelea juu, halafu vinachujwa na kuhesabiwa kwa hadubini.

Wamarekani waliacha kujidanganya na wakaandika namba. FDA yao huhesabu brokoli ya friza kuwa na shida ikifika wastani wa vidukari, thripsi na utitiri 60 kwa gramu 100. Spinachi ya mkebe ama friza ni 50. Tomato pesti? Mayai 30 ya nzi kwa gramu 100. Pole kama ulikuwa unakula chipo na sosi. Hizo ni namba zao, si za Kenya, na wao husema kwa hicho kiwango ni uchafu wa kawaida wa shamba, hauhatarishi afya.

Mimi kinachonisumbua ni upande ule mwingine. Mkulima akirudishiwa kreti juu ya tobo moja, anasikia neno moja tu: piga dawa. Tangu Tuta absoluta iingie Kenya 2014, wakulima wengi wa nyanya wamekuwa wakipiga dawa kama wazimu, na si kila mtu hungoja siku zilizoandikwa kwa chupa kabla ya kuvuna. Na 2013, Umoja wa Ulaya ulipoongeza ukaguzi wa mishiri na minji yetu, shida haikuwa funza. Ilikuwa mabaki ya dawa. Hiyo hakuna mtu anaweza kuizumu na simu.

Kwa mama mboga, mwambie akuoshee majani mazima kabla ya kukata, na ageuze upande wa chini, hapo ndio vidukari hujificha. Ama loweka mwenyewe kwa maji ya chumvi, viwavi wengi watajitoa, kisha suuza. Sukuma yenye matobo mawili matatu mimi huchukua tu, ingawa tobo si cheti kwamba haijapigwa dawa. Ile imenyooka kama ya plastiki ndio huniuma akili. Huwa nauliza ilipigwa dawa lini. Jibu ni lile lile: "Nimetoa Marikiti asubuhi."