Vidonda vya Tumbo: Tupime, Tumalize Dozi, Tupime Tena

Kila msiba na kila harusi hakosekani mtu anayesogeza sahani ya maharage pembeni na kusema, "Mimi nina vidonda." Mfukoni ana dawa ya kutuliza asidi, anayoinunua miaka nenda miaka rudi. Tumemzoea, wala hatumuulizi kama amewahi kupimwa.

Tunalaumu mawazo, pilipili na kushinda na njaa. Hayo huweza kuamsha maumivu, lakini vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini tunazomeza kiholela. Barry Marshall na Robin Warren walimgundua bakteria huyo kule Perth, Australia, mwaka 1982. Wengi hawakuwaamini; mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, na ukuta wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Wengi wetu tunaambukizwa utotoni, humo humo nyumbani, kupitia mate, matapishi, au maji na mikono yenye uchafu wa choo. Asipotibiwa, bakteria huyu hukaa tumboni maisha yote. Wengi hawasikii lolote. Kwa wengine tumbo huchimbika taratibu hadi likavuja damu au kutoboka, na wachache hupata saratani. Ndiyo maana tangu mwaka 1994 ametajwa rasmi na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa kisababishi cha ugonjwa huo.

Na anatibika! Mara nyingi ni siku 14 za antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Lakini tazama dukani: mteja anasema, "Nipe za elfu mbili," mkasi unakata karatasi ya vidonge, naye anaondoka na dozi ya siku tatu. Maumivu yakipoa anaacha. Bakteria waliosalia wanaweza kuwa sugu, kisha wakahamia kwa mtoto wake, na kwa wa jirani.

Kwa hiyo wauza dawa, nawasihi msikate dozi. Tunaougua, tuombe kipimo cha choo au cha pumzi, maana cha damu huweza kuonyesha maambukizi yaliyokwishapona. Tukimaliza dawa, tusubiri angalau wiki nne tupime tena, tukimuuliza daktari lini tusimamishe dawa ya asidi kabla ya kipimo. Wazazi, kwenye kikao kijacho cha shule tudai maji na sabuni karibu na vyoo, na tusiondoke bila jibu. Madiwani wetu tuwaulize kama vipimo hivi vipo katika hospitali ya wilaya.

Na wewe unayetapika damu, au unayepata choo cheusi kama lami, usingoje kesho. Nenda hospitali sasa hivi.